MAONI YETU: KIMO CHA MGONGO WA JIWE KIAMULIWE KABLA YA MSUMENO



Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wakata vito huanza na shilingi, lakini ukiyasikiliza mpaka mwisho utaona kwamba shina lake ni milimita. Fundi anapewa bamba la jiwe asubuhi. Anaambiwa, "Nataka mawe arobaini, saizi 18 kwa 13, jioni yawe tayari," na msimamizi anakwenda zake. Hakuna aliyesema mgongo wa jiwe uinuke kiasi gani. Siku ya malipo ndipo maneno yanapoanza: haya ni chapati, hayalipwi, haya ni vichuguu, hayaingii kwenye pete, haya ni mazuri, lakini mbona uzito wake ni mdogo? Mtu aliyefanya kazi kutwa anarudi nyumbani na malipo ya nusu siku. Na yale mawe ambayo hayakulipwa hayatupwi, yanabaki katika kabati la tajiri.

Sisi twasema hivi. Kimo cha mgongo ndicho jambo la kwanza katika kazi hii, wala si la mwisho. Kinapasa kuamuliwa kabla msumeno haujagusa jiwe, kiandikwe kwenye kadi ya kazi, na malipo yakifuate. Kimo kinachoamuliwa baada ya kazi, tena na mtu ambaye hakulishika jiwe, ni njia nyingine tu ya kumpunguzia mfanya kazi mshahara wake.

Wanachama wetu wa bohari na wa malori huenda wakauliza habari hii yawahusu nini. Tutaeleza kwa kifupi, kwani wao wenyewe huyabeba mawe haya bila kuambiwa ni nini. Kuna namna mbili kubwa za kukata kito. Moja ni ya nyuso nyingi ndogo, zile zinazometameta, na hiyo hufaa mawe safi yapitishayo mwanga vizuri. Ya pili ni kaboshoni: jiwe lenye kitako bapa na mgongo wa mviringo uliosuguliwa mpaka ukang'aa, bila nyuso. Neno lenyewe limetoka kwa Wafaransa, na asili yake ni kichwa. Mwenye kutaka kuiona picha yake afikirie kuba ya msikiti, au yai lililokatwa katikati na kulazwa juu ya meza. Mawe yasiyopitisha mwanga, yenye michoro, au yenye nyufa na ukungu ndani yake, hukatwa hivyo.

Kwetu Kenya namna hii si ndogo. Rubi za Mangare, katika kaunti ya Taita Taveta, zilijulikana duniani katika miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya rubi hizo ni za kukatwa kaboshoni, kwa sababu rangi ni nzuri lakini nyufa ni nyingi. Ng'ambo ya mpaka, Longido kule Tanzania, si mbali na Namanga, hutoka lile jiwe la kijani lenye mabaka mekundu ya rubi, ambalo wengi hulijua kwa jina la anyolaiti. Akiki, yaspi na amethisti nazo hupita mikononi mwetu. Serikali imejenga kituo cha vito mjini Voi, na kila kiongozi anayesimama jukwaani anasema mawe yakatwe hapa hapa nchini badala ya kupelekwa nje yakiwa ghafi. Sisi twakubali kabisa. Lakini mawe hayajikati. Hukatwa na watu, na watu hao wana masharti ya kazi.

Sasa kwa nini kimo ni jambo kubwa hivyo? Kwa sababu kila jiwe lina kimo chake, na mwenye kulazimisha mawe yote kimo kimoja anayaharibu.

Tuanze na anyolaiti, kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Zoisaiti ya kijani ina ugumu wa kama 6 na nusu katika kipimo cha Mohs, na rubi iliyo ndani yake ina ugumu wa 9. Gurudumu linakula kijani upesi na kuiacha rubi ikisimama kama kipele. Mgongo ukiwa wa juu sana, ubavu wake unakuwa mkali, na hapo ndipo kasoro hii inapoonekana zaidi. Tena baka jekundu unaloliona juu ya bamba halishuki lazima mpaka chini. Laweza kuisha milimita 2 tu ndani, nawe ukichonga bega la kuba unaliondoa lote, na jiwe lililoagizwa kwa ajili ya wekundu wake linatoka kijani tupu. Kwa hiyo fundi mzuri hutazama bamba pande zote mbili kabla ya kuchora. Baka likionekana juu na chini mahali pamoja, limepenya, naye yuko huru kuinua mgongo. Likionekana upande mmoja tu, ainue kidogo tu na aweke baka katikati, mahali ambapo jiwe huliwa kidogo kuliko pengine. Huo utazamaji unachukua dakika kadhaa kwa kila bamba. Ni kazi, wala hatujaona karakana inayoilipia.

Akiki na yaspi zenye picha, yaani zile zinazoonyesha kama milima, miti au mistari ya mawingu, zataka mgongo wa chini. Picha iko juu ya uso uliokatwa na msumeno, na kila milimita unayoinua kuba unaichonga picha hiyo na kuikunja pembeni. Akiki yenye "macho", ile miviringo iliyo mmoja ndani ya mwingine, ni hatari zaidi, maana jicho ni kama kikombe kidogo kilichofukiwa ndani ya jiwe. Ukizidisha kusaga unafika chini ya kikombe na jicho halipo tena.

Labradoraiti ni vivyo hivyo, ila kwa sababu nyingine. Rangi yake ya buluu na dhahabu yatoka katika tabaka nyembamba zilizolala sambamba ndani ya jiwe, na mwanga hurudi kutoka tabaka hizo kwa pembe moja tu. Mgongo wa chini, karibu ubapa, huonyesha rangi ikiwaka kwa upana. Mgongo wa juu huonyesha ukanda mdogo tu, na sehemu nyingine hubaki kijivu. Opali ya mshipa mwembamba pia haina nafasi ya kuinuliwa, kwa kuwa ukichonga mabega yake unaitupa rangi yenyewe, na rangi ndiyo mali.

Kisha kuna mawe ambayo bila mgongo wa juu hayana thamani. Jicho la simbamarara, ambalo kwa wingi hutoka Northern Cape kule Afrika Kusini, lina nyuzi ndani yake. Nyuzi hizo zikilala sambamba na kitako, na mgongo ukainuka vizuri, mwanga hukusanyika ukawa mstari mmoja unaotembea juu ya jiwe ukilipindua, na mstari huo hukata nyuzi kwa pembe mraba. Mgongo ukiwa bapa, mwanga unatawanyika na mstari unakuwa doa pana lisilo na umbo. Jiwe la mwezi nalo lataka kuinuliwa ili ule weupe wake uelee katikati.

La juu kuliko yote ni rubi au yakuti yenye nyota. Ndani yake mna sindano ndogo mno za madini ya rutili, zilizolala katika pande tatu zinazopishana kwa nyuzi 60, nazo ndizo zinazotoa nyota ya miale sita. Kitako lazima kikatwe kwa pembe mraba na mhimili wa jiwe, yaani ule mstari unaopita katikati ya umbo lake la pande sita toka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukikosea hapo, nyota inakaa pembeni kama kofia iliyoteleza. Na kimo? Desturi ya mafundi wengi duniani ni karibu thuluthi mbili za upana: jiwe lenye upana wa milimita 9 liinuke kama milimita 6. Chini ya hapo nyota inafifia na miale inanenepa. Kuna mbinu ya zamani ya kuipata nyota kabla ya kukata, nayo tunaieleza hapa kwa faida ya vijana: dondosha tone la mafuta mazito juu ya jiwe ghafi, washa taa moja tu, na utazame kutoka juu. Tone linafanya kazi ya mgongo wa kaboshoni, na nyota ikiwepo itaonekana ndani ya tone. Msimamizi anayemhimiza fundi kufanya haraka kabla hajaweka tone hilo anajipunja mwenyewe.

Ganeti nyekundu za Taita ni habari ya kinyume. Nyingi ni nyeusi mno zikiwa nene, maana rangi yao ni nzito na mwanga haupenyi. Mafundi wa kale wa Ulaya waliinua mgongo kisha wakachimba kitako kwa chini, jiwe likawa kama ganda la yai, na wekundu ukawaka. Kazi hiyo ni ya pande mbili na jiwe hupasuka kwa urahisi. Kulilipa jiwe la namna hiyo sawa na kipande cha yaspi bapa ni dhihaka.

Tena kuna matumizi. Pete hugonga meza, mlango, sufuria na usukani wa gari, kwa hiyo jiwe la pete lisiinuke mno, hasa likiwa laini. Kidani hakigongwi sana na chaweza kubeba mgongo mkubwa. Hereni ni lazima ziwe mbili zenye kimo kimoja, na kwa kweli zikatwe katika bamba moja zikiwa jirani, la sivyo mama atakayezivaa atakuwa na sikio moja zito kuliko jingine. Sonara naye ana neno lake: ule ukingo mwembamba wa fedha anaoukunja kulishika jiwe wahitaji kiuno cha jiwe chenye ukuta mdogo unaoinama kidogo kuelekea ndani. Mgongo ukianza moja kwa moja kutoka kitakoni bila ukuta, makali ya jiwe yanakuwa membamba kama kisu na yanameguka mkononi mwa sonara. Ukuta ukiwa mrefu mno na kusimama wima, fedha haina pa kushika na jiwe linatoka. Yote haya huanzia katika kimo, kwa sababu ukiwa na bamba la milimita 5 na ukaacha ukuta wa milimita 1 na nusu, umebakiwa na milimita 3 na nusu za mgongo, tena kabla ya kutoa ile nusu milimita hivi itakayokwenda kwa msasa na kung'arisha.

Na hapo tunafika kwa mwenye kazi, kwa sababu ndiye anayeamua unene wa bamba.

Chukua donge la akiki lenye kimo cha milimita 60, na msumeno unaokula milimita 2 kila unapopita. Ukikata mabamba ya milimita 5 unapata 8. Ukikata ya milimita 8 unapata 6. Mwenye kazi, naye ana hesabu zake, atapenda 8. Hatumlaumu kwa hilo, jiwe ni lake na amelinunua. Tunachokataa ni yeye kukata mabamba ya milimita 5 ili apate mawe mengi, kisha siku ya malipo kumwambia fundi kwamba mgongo wa milimita 6 na nusu haukuonekana. Fundi atautoa wapi? Yeye hakuumba jiwe.

Upande wa pili wa mizani ni mizani yenyewe. Mahali ambapo mnunuzi hulipa kwa karati, msimamizi huamuru kitako kisisawazishwe, kiachwe na tumbo. Tufanye hesabu. Rubi ya saizi 18 kwa 13 yenye mgongo wa milimita 5, ulio kama nusu ya yai, ina uzito wa karibu karati 12, na karati moja ni gramu 0.2. Ukiacha tumbo la milimita 2 chini yake unaongeza karibu karati 5. Hizo 5 hazionekani jiwe likishavaliwa, zinazama ndani ya fedha. Mnunuzi amelipa zaidi ya robo ya fedha yake kwa kitu asichokiona. Ni kweli kwamba jiwe lipitishalo mwanga lenye rangi hafifu hufaidika na tumbo dogo, rangi huongezeka, na hilo ni shauri la ufundi. Lakini tumbo la kudanganyia mizani ni shauri jingine, na lawama yake mnunuzi akirudi hubebeshwa fundi. Huambiwa kwamba ni yeye ambaye hajui kusawazisha kitako.

Wako watakaosema kwamba kimo hakiwezi kuandikwa mapema, kwa sababu jiwe huficha ufa na fundi hulazimika kushusha mgongo akiukuta. Hoja hii ni ya haki, tena imeletwa kwetu na mafundi wenyewe. Jibu letu ni kwamba kadi iwe na nafasi ya kuandika hivyo. Fundi akikuta ufa amwite msimamizi, wauone wote wawili, kimo kipya kiandikwe na wote watie sahihi. Hilo halichukui muda wa kunywa chai. Linalochukua muda ni ugomvi wa mwisho wa mwezi.

Sheria nayo haikulala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, yasema kwamba mtu wa kazi ya kipande alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, au kazi ikikamilika, kwa tarehe inayotangulia. Kifungu cha 19 kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa. Mwenye kazi aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale tu ambapo uharibifu umeletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Someni tena maneno hayo: la makusudi. Jiwe lililopasuka kwa ufa uliofichika halikupasuka kwa makusudi ya mtu. Mgongo uliotoka chini kwa sababu bamba lilikuwa jembamba haukutoka chini kwa makusudi ya fundi. Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa mazungumzo yanaendelea, wanachama walikatwa kwa mawe ya namna hizo mbili katika mwezi mmoja. Bila kadi iliyoandikwa, fundi ana neno lake na msimamizi ana lake, na mwenye kalamu ndiye hushinda.

Tuje kwenye vumbi, ambalo kwetu ni zito kuliko shilingi.

Mgongo ulio kama nusu ya yai huondoa thuluthi moja ya jiwe lililokuwepo. Katika jiwe la akiki la saizi 18 kwa 13 lililotoka katika bamba la milimita 5, ni karibu gramu 0.8 zinazosagwa. Likitoka katika bamba la milimita 8 ni karibu gramu 1.3. Kwa mawe 40 kwa siku hizo ni gramu 32 kwa mgongo wa chini na gramu 51 kwa mgongo wa juu, na bado hatujahesabu yale yaliyosagwa wakati wa kuchonga umbo. Yaani mgongo wa juu una kazi zaidi kwa sehemu 6 katika 10, na unga wa jiwe zaidi kwa kiasi hicho hicho. Akiki, yaspi, amethisti na jicho la simbamarara ni za jamii ya kwazi, na unga wa kwazi ukiingia katika pafu hautoki. Huleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuponya, humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka unga huo katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Habari hii si mpya duniani. Katika mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, mafundi wa akiki wa karne ya 19 walilala kifudifudi juu ya viti vya mbao, wakakandamiza jiwe kwa mikono juu ya magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga yaliyozungushwa na maji ya mto, na ugonjwa wa mapafu ulikuwa sehemu ya kazi. Huko Khambhat, Gujarat, bandari ambayo shanga zake za akiki zililetwa katika pwani yetu hii kwa karne nyingi, madaktari wa India wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya silikosisi miongoni mwa wasaga akiki na jirani zao, maana kazi nyingi hufanywa nyumbani na watoto wanavuta hewa ile ile. Shanga za bibi zetu zilikuwa na gharama ambayo haikuonekana sokoni.

Maji ndiyo kinga ya kwanza. Jiwe lisisagwe kavu hata mara moja, hata kama ni "kurekebisha kidogo tu". Tope lililo chini ya gurudumu likikauka linakuwa vumbi tena, kwa hiyo sakafu ioshwe kwa maji, isifagiliwe ikiwa kavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga mwembamba, yafaa barakoa yenye chujio la kweli, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi atoe vifaa hivyo. Malakaiti ya Kongo ni laini na husagika upesi, lakini unga wake una shaba na ni sumu, basi mtu asidanganyike na ulaini wake. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sheria hiyo inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Wapo wanachama wanaofanya kazi katika majumba ya watu 30 na hawajawahi kuiona kamati hiyo. Waulize iko wapi.

Sasa twataka nini? Twataka kadi ya kazi iandikwe jina la jiwe, saizi, unene wa bamba lililotolewa, kimo cha jiwe likishang'aa, na kimo cha ukuta wa kiuno. Twataka malipo ya madaraja matatu kwa kila saizi: mgongo wa chini ambao hauzidi robo ya upana, wa kati ambao ni thuluthi hivi, na wa juu ambao ni nusu ya upana au zaidi. Mawe yenye nyota, na yale yanayochimbwa kitako, yasiwe ya kipande kabisa, yalipwe kwa siku, maana haraka ndiyo inayoyaua. Na kila meza iwe na kipima unene, kisichokuwa mfukoni mwa msimamizi.

Nasi tunao wajibu wetu, tuuseme bila haya. Ziko karakana ambamo ndugu zetu, wakiwa mbioni kuongeza idadi, wanaacha bapa juu ya kilele cha kuba. Wanachonga ubavu wa kwanza kwa nyuzi 45, wanachonga wa pili, halafu hawamalizii katikati. Kasoro hiyo haihitaji mkaguzi kutoka Nairobi. Lishike jiwe chini ya taa ndefu ya dari, ligeuze polepole, na utazame mstari wa mwanga ukitembea juu yake. Ukiteleza bila kukatika, mgongo ni mmoja. Ukiruka au kusimama, pana bapa, rudi kwenye gurudumu. Dada zetu wa meza za kung'arisha hupokea mawe hayo na kutumia nusu saa kurekebisha kosa la mwenzao, nao pia wanalipwa kwa kipande. Hatuwezi kudai haki kwa mwenye kazi na huku tunamwibia muda dada aliyekaa meza ya tatu.

Halmashauri itakutana na wenye kazi kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kila mjumbe wa karakana alete mambo mawili: orodha ya mawe yaliyokataliwa tangu malipo ya mwisho, pamoja na kimo cha kila moja kama kilivyopimwa mbele ya mashahidi, na unene wa mabamba yaliyotoka ghalani siku hizo. Asiye na kipima unene aweke mabamba kumi moja juu ya jingine, apime kwa rula ya kawaida, agawanye kwa kumi. Orodha ziletwe kwa mkono ofisini kwa karani wa chama, wala zisitumwe kwa kupitia msimamizi.